Soko la Tingatinga, Oysterbay: picha ni nzuri, sasa uliza nani kaichora

Ukitaka picha ya Tingatinga, ule mtindo wa kuchora wanyama wenye madoadoa kwa rangi ya mafuta, hapa Dar es Salaam, nenda Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wa Barabara ya Haile Selassie. Picha za aina hii zinauzwa sehemu nyingi mjini, kuanzia maduka ya zawadi hadi vibanda vya Mwenge, ila hapa mchoraji na picha yake wako eneo moja, na kwa bidhaa hii jambo hilo lina uzito kuliko punguzo la bei. Uzuri wa rangi hatutauzungumzia sana. Macho yako yanatosha. Tathmini hii inahusu mambo ambayo wanunuzi wengi huyakumbuka wakiwa wameshafika nyumbani: picha ni ya nani, jina lililo pembeni lina maana gani, na ukishalipa umepata haki ipi.

Kufika ni rahisi, bajaji kutoka kituo cha Morocco haichukui muda kama foleni haijakaza. Picha zimetundikwa kutoka sakafuni hadi juu, nyingine zimeegeshwa ukutani zikikauka, na wachoraji wamekaa na mikebe ya rangi miguuni, kitambaa kikiwa kimewambwa kwenye fremu. Harufu ya thina inakupokea kabla ya mtu yeyote. Nenda asubuhi. Mwanga ni mzuri, kazi inaendelea, na unaweza kuona picha zikiwa katika hatua tofauti. Hilo litakusaidia sana utakapoanza kuuliza maswali.

Lalamiko la kwanza la wageni ni kwamba picha zinafanana. Twiga walewale chini ya mbuyu uleule, jua lilelile la rangi ya chungwa, na ukihamia banda la pili unakuta ndugu zao. Wengi huondoka wakisema wameona nakala tu, na hata baadhi yetu wenyeji husema hivyo. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Ili kuipima picha ya Tingatinga kwa haki lazima ujue ufundi huu ulivyorithishwa, na ujue pia kwamba wazo la kumwita anayenakili mwizi ni la juzi tu katika historia ya sanaa, hata huko Ulaya lilikozaliwa.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia vitu vya dukani: hadibodi ya ujenzi na rangi ya mafuta, ile inayong'aa ya kupakia baiskeli. Hadibodi nzima ina futi 4 kwa 8. Ukiikata vipande vya futi 2 kwa 2 unapata vipande 8 bila kutupa hata kidogo, na ndiyo maana picha za mwanzo nyingi ni za mraba, sentimita 60 na kidogo kila upande. Mkewe, Agatha Mataka, aliziuza hapa hapa Morogoro Stores. Jamaa na vijana wa karibu wakaja kujifunza, na somo lilikuwa moja: kaa pembeni, angalia, chora kama anavyochora. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliodhani ni mtu waliyekuwa wakimfukuza. Alikuwa amechora miaka michache tu. Wanafunzi wake hawakuacha kazi. Waliendelea na mtindo, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika kinachobeba jina lake hadi leo.

Kwa hiyo mfanano unaouona ukutani ni njia ya kufundishia. Mwanafunzi hupewa kwanza kazi ya kupaka rangi ya nyuma, kisha kujaza maumbo, kisha nukta na manyoya, na mwisho kabisa kutunga picha yake. Mchoro unaouzika hurudiwa na yeyote aliye na mkono wa kuurudia. Warsha nyingi duniani zilifanya kazi hivyohivyo kwa karne na karne. Mwaka 1618 mchoraji Rubens, akiwa na warsha kubwa Antwerp, alimwandikia Dudley Carleton, balozi wa Uingereza huko The Hague, orodha ya picha alizotaka kubadilishana naye kwa sanamu za kale. Kila picha aliieleza: hii ni ya mkono wangu yote, hii ni yangu ila tai amechorwa na mchoraji mwenzangu Snyders, hii imeanzwa na mwanafunzi nami nimeipitia. Hakuona aibu, na bei ilifuata maelezo. Hicho ndicho kipimo tunachokitumia kwa muuzaji wa Morogoro Stores. Muuzaji mzuri anakujibu kama Rubens: nani kaanza, nani kamalizia, na imechorwa mara ngapi.

Sheria ya kuzuia kunakili ilikuja kwa kuchelewa, na haikuanza na wasanii. Venice ilimpa mchapaji Johannes wa Speyer upendeleo wa kuchapa vitabu peke yake kwa miaka 5 mwaka 1469. Aliyelindwa hapo ni mwenye mashine, mwandishi hakutajwa. Miaka michache baada ya 1500, mchapaji wa Italia Marcantonio Raimondi alinakili michoro ya msanii wa Ujerumani Albrecht Dürer, pamoja na ile alama yake ya herufi A na D. Kwa simulizi ya Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, Dürer alikwenda Venice kushtaki, na alichopata ni amri kwamba Raimondi asitumie ile alama. Kunakili aliruhusiwa. Tukio hili linatufaa sana hapa kwetu, kwa sababu linatenganisha vitu viwili ambavyo wanunuzi huvichanganya: kurudia mchoro, na kuweka jina la mtu mwingine juu ya kazi yako. La pili limekuwa kosa tangu zamani. La kwanza lilichukua miaka 200 zaidi kuwa kosa.

Uingereza ilitunga sheria ya vitabu mwaka 1710, ikimpa mwandishi miaka 14, na mingine 14 akiwa bado hai. Wachoraji wa picha za kuchapa wakaachwa nje mpaka William Hogarth na wenzake walipolishinikiza bunge, na mwaka 1735 nao wakapata miaka 14. Hogarth alizuia toleo lake jipya lisitoke hadi sheria ianze kazi, kwani alijua wanakili wa London wangemtangulia sokoni. Picha za rangi, yaani aina inayouzwa Oysterbay, zilisubiri hadi 1862. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ukaja 1886, nayo Tanzania ikajiunga nao mwaka 1994. Sheria yetu ya sasa ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Kabla yake ilikuwapo ya 1966. Edward Tingatinga alichora akiwa tayari chini ya sheria, lakini barazani kwake kanuni ilikuwa ya ufundi: anayetaka kujifunza, anakili.

Pwani yetu ilikuwa na utaratibu wake hata kabla ya hizo sheria kutufikia. Mshairi wa utenzi aliweka jina lake katika beti za kaditama, yaani za kufungia utenzi, mara nyingi na ukoo, tarehe na hata idadi ya beti. Mtu yeyote aliweza kuunakili utenzi, wala mshairi hakudai malipo kwa nakala. Alichokilinda ni jina lake na ukamilifu wa kazi: ukihesabu beti ukakuta zimepungua, unajua mnakili ameruka. Sheria ya 1999 inaziita hizi haki za kimaadili, ile ya kutambuliwa kama mtunzi na ile ya kupinga kazi yako kuharibiwa au kupotoshwa. Mchoraji wa Tingatinga anayekuruhusu urudie mchoro wake lakini anakasirika ukifuta jina lake yuko ndani ya mila hiyo, na tunadhani yuko sahihi.

Sasa tushike picha yenyewe. Kazi nzuri hufuata hatua zinazoonekana. Kitambaa cha pamba huwambwa kwenye fremu, hupakwa rangi nyeupe ya kuziba nyuzi, na huachwa kikauke. Kisha huja rangi ya nyuma: rangi mbili au tatu, iliyokoza chini na iliyofifia juu au kinyume chake, zikichanganywa kwa brashi au sponji zingali mbichi ili mpaka usionekane. Hapo kazi husimama mpaka ikauke vizuri. Maumbo ya wanyama hufuata, yakijazwa rangi bapa bila kivuli, kisha husimama tena. Nukta, mistari ya manyoya, macho na magamba huja mwisho kwa brashi nyembamba na rangi iliyoongezwa thina kidogo. Saini hufunga kazi. Muda mwingi wa picha ni wa kungoja, na hapo ndipo haraka huharibu. Rangi ya mafuta hukauka kuanzia juu. Ukiweka tabaka jipya wakati la chini bado lina thina ndani, lile la juu hukunjamana kama ngozi ya maziwa. Wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, tatizo hili huongezeka. Thina ikizidi, rangi hupoteza mng'ao, hutiririka, na hupenya hadi nyuma ya kitambaa.

Basi igeuze picha. Madoa ya mafuta yaliyotokeza nyuma ni dalili kwamba kitambaa hakikuzibwa sawasawa au thina ilizidi. Inyanyue kwenye mwanga: vitundu vingi vya mwanga maana yake rangi ni chache. Bonyeza kwa ukucha, taratibu, mahali rangi ilipo nene, kwa ruhusa ya mwenye picha. Ikibonyea bado ni mbichi, na hiyo usiikunje wala kuifunga leo. Kisha piga jicho ubavuni, karibu kabisa, mwanga ukitoka upande mmoja. Nukta iliyochorwa kwa mkono ina kimo. Inatuna katikati, na mara nyingi ina kijimkia kidogo pale brashi iliponyanyuliwa. Nukta mbili jirani hazilingani. Kama uso wote ni bapa kabisa na nukta ni pacha, huenda unaangalia picha iliyochapwa kwa mashine kisha ikapitiwa brashi juu juu. Kuza kwa kamera ya simu: uchapaji huonyesha vijinukta vidogo vilivyopangana, rangi ya brashi haionyeshi hivyo. Bidhaa hizo zipo mjini, na si vibaya kuzinunua ukiambiwa ukweli na kulipa bei ya karatasi.

Saini inataka subira. Angalia kama imechorwa kwa rangi ileile ya picha na ikaungana na uso wake, au kama imewekwa baadaye kwa kalamu ya wino. Jina moja pekee halitoshi, kwa kuwa wachoraji wengi ni ndugu na jina la ukoo linaweza kuwa la watu kadhaa wanaoshika brashi. Uliza jina kamili. Na kama picha haina saini kisha muuzaji akachukua brashi aisaini mbele yako, simamisha biashara kwa adabu uulize: "Fundi, hii umeichora wewe mwenyewe?" Huenda ni yeye, wengine huacha kusaini hadi picha ipate mnunuzi. Huenda pia ni ya kijana wake. Jibu lolote la kweli linafaa, mradi jina linaloandikwa lifuate jibu hilo.

Lugha ya kuuliza ina thamani yake pale barazani. Mzee msalimie shikamoo kwanza, kaa kidogo, kisha: "Mzee, mchoro huu wa ndege umeuanzisha nani hapa?" Swali hili hufungua mengi kuliko "ni orijino?", ambalo karibu kila mtu atalijibu ndiyo, na kwa haki, kwa kuwa picha yoyote iliyochorwa kwa mkono mwenyewe anaiona orijino. Ukiuliza nani ameuanzisha utaelekezwa kwa mtu, mara nyingine mita chache tu kutoka hapo. Kwake utaiona picha hiyohiyo ikiwa na uamuzi ndani yake: mkia umepindishwa kwa sababu nafasi ilibaki, ndege wa tatu amegeuzwa kichwa ili safu isichoshe. Kwenye marudio ya kumi mkia umepinda vilevile hata mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kuupinda. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili huwa ndogo kuliko tofauti ya kazi, na ushauri wetu hapo ni mmoja: ongeza hela, chukua ya aliyeitunga.

Kuna jina moja la kuliogopa. Picha mpya yenye saini ya E. S. Tingatinga ni udanganyifu, haijalishi imechorwa vizuri namna gani. Kazi zake mwenyewe ni za kabla ya kifo chake mwaka 1972, kwa kawaida juu ya hadibodi, mara nyingi mnyama mmoja akiwa amejaa katikati na nyuma pakiwa patupu au na majani machache. Kitambaa kipya, makundi ya wanyama na jina lake pembeni havikutani. Kwa upande wa hakimiliki, hata kwa kipimo cha sheria ya sasa, yaani maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, muda wa kazi zake hapa Tanzania Bara uliisha mwisho wa mwaka 2022. Kurudia chui wake kunaruhusiwa. Kumwekea mtu jina lake kwenye kazi asiyoichora hakuruhusiwi, na uhuru wa kunakili haukuhalalishi. Ulaya kipimo cha kawaida ni miaka 70, hivyo anayetaka kuchapa picha zake huko aulize kwanza sheria ya nchi husika.

Mtindo wenyewe haumilikiwi na mtu. Hakimiliki hulinda picha iliyochorwa. Haigusi wazo la kuchora wanyama wenye madoadoa kwa rangi ya mafuta. Mwenye duka Masaki anaweza kuajiri vijana wachore kwa mtindo huo bila kuomba ruhusa Oysterbay. Asichoweza ni kuchukua mchoro fulani wa mchoraji fulani aliye hai na kuuchapa kwenye fulana. Ndivyo ilivyo hata kwa vinyago vya Kimakonde: mtindo wa shetani, unaohusishwa na Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, ulienea kwa wachongaji wengi, na hakuna aliyewazuia. Sehemu moja ya sheria ya 1999 inagusa sanaa za jadi, ambapo kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Tingatinga ina mwanzilishi anayejulikana kwa jina na mwaka, kwa hiyo kuiingiza kwenye fungu la "sanaa ya jadi isiyo na mwenyewe", kama baadhi ya wauzaji wa nje wanavyofanya, ni kumnyima mchoraji jina lake kwa mlango wa nyuma. Hili linatuudhi kila tunapoliona kwenye lebo: "African folk art", basi, hakuna mtu.

Sasa risiti. Ukilipa picha, umenunua kitambaa na rangi iliyo juu yake. Unaweza kuitundika, kuiuza, kuirithisha. Haki ya kutoa nakala imebaki kwa mchoraji, na haki hiyo ilizaliwa siku alipoichora, bila kuandikishwa popote. Kusajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ni hiari, ila kunasaidia sana siku ya kuthibitisha nani alitangulia, na kwa wachoraji wanaorudiwa kila siku tungesema wasajili angalau michoro ile waliyoitunga wenyewe. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA. Picha nyingi za Tingatinga huuzwa Mji Mkongwe, kwa hiyo mchoraji wa Dar anayepeleka kazi kule ajue mambo hayo hayashughulikiwi na ofisi moja.

Makosa mengi hutokea hapa, tena kwa watu wenye nia njema. Mwenye hoteli ananunua picha ya samaki, anaipenda, anaiweka kwenye menyu, kadi na tovuti. Shirika linanunua picha 12 na kuzigeuza kalenda. Mshonaji anapiga picha kwa simu pale barazani, wiki mbili baadaye mchoro uko kwenye mifuko. Wote hawa wamelipia kitu kimoja na kutumia viwili. Dawa yake ni ukurasa mmoja wa makubaliano, kwa Kiswahili, wenye picha ya kazi imebandikwa juu. Taja jina kamili la mchoraji, matumizi (kalenda, menyu, jalada), idadi ya nakala, nchi au eneo, muda, malipo na tarehe yake, jinsi jina la mchoraji litakavyoandikwa, na kama unaruhusiwa kukata au kubadili rangi. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika. Mchapaji akibana picha ya mraba iingie kwenye kadi ndefu, twiga hupoteza miguu, na hapo umegusa ile haki ya kutoharibiwa kazi. Sainini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala. Na usiandike "haki zote" kwa sababu tu umeona wengine wakiandika. Kama unataka kadi 500, andika kadi 500, bei itakuwa nafuu kwako na mchoraji atabaki na mchoro wake.

Ukiagiza picha maalumu, mambo ni hayohayo pamoja na moja la ziada. Wateja hupeleka picha ya simba waliyoitoa intaneti na kusema, nichoree hii. Ile ina mpigapicha, na mchoraji akiifuata mstari kwa mstari mmeingia wote wawili kwenye kazi ya mtu wa tatu. Mpe mchoraji maelezo badala yake: mnyama, wangapi, saa ya siku, rangi, kipimo. Wachoraji wa hapa wana kumbukumbu ya maumbo inayoshangaza, na wakiachiwa uhuru hutoa kazi bora kuliko ile ya kufuata picha. Lipa sehemu mwanzoni, nyingine siku ya kuchukua, na ongeza siku kadhaa juu ya zile unazoambiwa, kwa ajili ya kukauka.

Kinachopungua katika biashara hii nzima, hapa na kwingineko mjini, ni maandishi. Picha nyingi huondoka zikiwa na jina pembeni basi, hakuna mwaka, hakuna jina la mchoro, hakuna aliyesaidia. Chama au banda likitaka alama yake ilindwe, usajili wa alama za biashara unafanyika kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, hudumu miaka 7 ya kwanza na baadaye kuhuishwa kila miaka 10. Ila neno Tingatinga limeshakuwa jina la mtindo wote machoni pa watu, hivyo muhuri wa banda au wa mchoraji mwenyewe utasaidia zaidi kuliko kung'ang'ania neno hilo. Huko Ufaransa tangu 1920 msanii alianza kupata fungu picha yake inapouzwa tena. Jambo kama hilo halitekelezeki bila kujua picha ni ya nani na ilitoka lini. Karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma ingefanya kazi kubwa.

Mpaka hapo, ifanye mwenyewe kabla ya kuondoka. Mwombe mchoraji aandike nyuma ya kitambaa jina lake kamili, jina la mchoro, mahali na mwaka, na kama kuna aliyesaidia, amtaje. Atumie penseli, kwa sababu wino wa kalamu hupenya na kutokea mbele baada ya muda. Aandike katikati ya mgongo wa picha, mbali na ukingo. Kisha iviringishe uso ukiwa nje, kwa mviringo wa sentimita 10 au zaidi, juu ya bomba la karatasi ngumu. Uso ukiwa ndani rangi hubanwa na kufanya mikunjo midogo. Gazeti lisiguse rangi, litaacha maandishi yake hapo. Tumia karatasi laini ya kuokea keki. Usiikunje kamwe, mkunjo wa rangi ya mafuta hupasuka na hautengenezeki. Ukifika, ifungue siku hiyohiyo na ilaze chini mahali penye hewa kabla ya kuiwamba. Usiifiche kabatini pia, nyeupe ya rangi ya mafuta hugeuka njano ikikaa gizani. Fundi wa fremu mwachie sentimita 5 za kitambaa kila upande, na mwambie asibandike ubao nyuma kwa gundi, ili yale maandishi ya penseli yasomeke kwa atakayeinunua baada yako.